Mjadala: Filamu za mapenzi zipigwe marufuku mabandani? Mimi napinga

Ndugu zangu wa Kigoma, na nyinyi mlioko mbali mnaofuatilia ya nyumbani, salaam.

Jumapili iliyopita kwenye kikao cha mtaa wetu, huku Mwanga, mzee mmoja alisimama akaomba mabanda ya video yabaki na mpira na picha za mapigano tu. Za mapenzi zipigwe marufuku. Sababu yake: zinawapa mabinti jeuri kwa wazazi, na vijana wa kiume zinawafanya walegevu. Akamalizia kwamba hata hivyo hizo ni picha za kina dada, zikiondoka hakuna atakayepungukiwa. Makofi yalipigwa. Muda ukawa umekwisha, sikupata nafasi ya kusema, kwa hiyo naileta hoja hapa.

Mimi nimekaa mlangoni pa banda la mjomba wangu miaka minne nikipokea kiingilio, tangu mwaka 1998. Runinga ya inchi 21, deki moja, mabenchi ya mbao na jenereta nyuma ya ukuta. Anayekaa mlangoni haangalii picha sana, anaangalia watu. Na nilichokiona ni hiki: picha moja ya mapenzi ikichezwa mbele ya watu sitini, hawalii mahali pamoja. Kila mmoja analia pale wapenzi wanapokutana na kizuizi anachokifahamu yeye. Busu halimlizi mtu. Wengi hata hulipigia miluzi tu likapita.

Chukueni Titanic, picha ya wapenzi ndani ya meli inayozama, ya James Cameron, ya mwaka 1997. Kwetu ilifika kwa kanda mbili, maana ina zaidi ya saa tatu, na ilikuwa imerudufiwa mara nyingi hadi nyuso zimekuwa za bluu. Kanda ya kwanza ikiisha tunazima jenereta tunaongeza mafuta, watu wamekaa gizani wakibishana kama Rose, yule binti, atamwacha mchumba wake tajiri. Ilipoisha ya pili, vijana wa benchi la mbele walikuja kwangu wakitaka hela yao. Steringi hafi, walisema, hii picha ni mbovu!

Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kibirizi, mume wake mvuvi. Jack, mpenzi wa Rose, alipozama, mama huyo hakutoa chozi. Aliinamisha kichwa kwenye kitenge pale boti moja inaporudi na tochi kutafuta kama kuna aliye hai kati ya wanaoelea. Kumbukeni meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, hata miaka miwili ilikuwa haijatimia vizuri. Sisi ni watu wa ziwa. Kila nyumba ya mwambao inajua kungoja boti. Kwa mama yule ile ilikuwa picha ya kungoja, na mapenzi yalikuwa humo ndani ya kungoja.

Mabinti waliguswa mahali pengine kabisa. Kuna kipande mama yake Rose anamkaza binti kamba za koseti, lile vazi la kubana kiuno, mgongoni, anavuta kwa nguvu, huku akimwambia fedha zimekwisha na ndoa hii ndiyo itakayowaokoa. Banda lilikuwa likinyamaza hapo kila mara. Binti aliyewahi kusikia mahari yake ikijadiliwa nyuma ya pazia hahitaji kutafsiriwa kipande hicho.

Na hili la kina dada peke yao si kweli. Wavuvi wa dagaa hawaendi kuvua mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Usiku wa mbalamwezi ndipo banda lilipofurika, na mabaharia wale wenye viganja vigumu kama kasia waliomba picha ya Kihindi ya mapenzi, siyo ngumi. Mtu amekaa ziwani wiki mbili na zaidi, ngumi za nini?

Naomba michango. Mzee wangu uliyetoa hoja, kama umo humu, shikamoo, na nakukaribisha kwanza.

*

Mchangiaji, Ujiji:

Marahaba kijana. Siye mimi niliyesimama kikaoni, ila namuunga mkono. Umesema habari za watu wazima, mama mvuvi na mabaharia. Wale watoto wa miaka kumi wanaochungulia matundu ya makuti mbona umewaruka? Mjukuu wangu amerudi nyumbani akaigiza mambo mbele ya mama yake, tukabaki kuangalia chini. Mtoto hana kizuizi chochote anachokifahamu. Anaona busu tu.

Pili, nikiri. Ile picha ya Shah Rukh Khan na Kajol ya mwaka 1995, Dilwale Dulhania Le Jayenge, tuliitazama na marehemu mke wangu mara tano. Kwa sababu kijana ana adabu. Mama wa binti anawapa vito, anawaambia torokeni, naye anakataa. Anasema nitamchukua binti pale baba yake atakaponikabidhi kwa mkono wake. Leteni picha kama hiyo, sitapinga.

*

Mchangiaji, Gungu:

Mzee, shikamoo. Picha hiyohiyo mimi ilinipoteza, naomba niseme wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Pale stesheni treni imeanza kuondoka, Simran, yaani Kajol, anavuta mkono wake, baba hauachii, kisha anauachia, binti anakimbia mpaka Raj, yaani Shah Rukh Khan, anamdaka mlangoni mwa behewa. Sisi reli inaishia hapa Kigoma. Nilikwenda stesheni mara ngapi nikiitazama treni ya Tabora nikifikiri mapenzi ni mtu kukunyoshea mkono kutoka mlangoni. Nikaolewa na mwanaume ambaye hajawahi kutamka kwamba ananipenda. Miaka sita nilimhesabia kosa hilo. Alipougua mama yangu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni usiku kutoka kwenye boti hadi barabarani, na hakusema kitu. Hakuna filamu iliyowahi kunifundisha kuyaona mapenzi ya namna hiyo.

Na za kwetu hazikunisaidia. Marehemu Kanumba, mwigizaji wetu, nilimpenda, alipofariki Aprili 2012 nililia kama ndugu. Lakini nyingi za Bongo nilizotazama kizuizi ni kilekile: mwanamke mchepuko au mganga, mahali penyewe ni jumba la ghorofa Dar es Salaam lenye makochi meupe. Hapo nijione wapi mimi wa Gungu?

*

Mchangiaji, Kasulu:

Kizuizi mnakitafuta mbali. Njooni Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Kijana wa kijijini anampenda binti aliyezaliwa kambini, na binti haruhusiwi kutoka bila kibali. Wanaonana sokoni. Itengenezwe hiyo, nitalipa kiingilio mara mbili.

*

Mchangiaji, Katubuka (mwalimu mstaafu):

Niongeze moja ambayo wengi hawaijui. Ipo filamu ya mapenzi maarufu duniani ambayo chimbuko lake ni ziwa letu hili la Tanganyika. Inaitwa The African Queen, ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart alipata Oscar kwayo. Ndani yake wapenzi wawili wanapanga kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Meli hiyo ya hadithi imetokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba yetu: iliunganishwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 ili isitekwe, ikaopolewa 1924.

Ninachotaka mkione ni wapenzi wenyewe. Mwanamke ni dada wa mmisionari, umri umeshamwendea. Mwanaume ni fundi wa boti, mlevi, hajanyoa. Kizuizi chao ni kuona aibu, kwamba wakati wao umepita. Nilimwonyesha mke wangu nilipostaafu. Aliniambia: hawa ndio sisi. Vijana waliokuwa sebuleni walisinzia.

*

Mleta mada, Mwanga:

Nimesoma yote mara mbili. Ahsanteni.

Mzee wa Ujiji, la watoto umenishinda, nakubali. Lakini tiba yake ipo tayari. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri. Picha ya mapigano yenye damu inaingia kwenye madaraja hayohayo. Kazi ni kumbana mwenye banda mlangoni, na matundu ya makuti yazibwe. Marufuku ya aina nzima itamnyima mama wa Kibirizi kwa kosa la mjukuu. Tena watoto hao simu wanazo, na kwenye simu hakuna mtu mzima wa kukohoa pembeni.

Dada yangu wa Gungu, mchango wako umenikalia moyoni tangu jana. Ulikuwa na miaka kumi na saba ukaona mkono wa kijana mlangoni mwa behewa. Mzee wa Ujiji, picha ileile, aliona adabu ya kijana. Mimi siku hizi nina binti wa miaka kumi na tisa, na nikiitazama naona vidole vya baba tu, namna vinavyochelewa kuachia. Sikuviona kabisa nilipokuwa mlangoni pa banda. Kwa hiyo sidhani filamu ilikudanganya. Uliitazama peke yako na hukuwa na mtu wa kukuambia yeye ameona nini. Hapo ndipo ninapolipenda banda kuliko simu: ukitoka kuna mtu atakubishia njiani hadi Mwanga Sokoni.

Ila kuhusu filamu za Bongo sina la kukujibu, umesema kweli tupu. Tuna reli inayoishia ziwani, tuna wanaongoja boti, tuna binti wa kambini na kibali chake, halafu tunaletewa makochi meupe. Anayeandika miswada humu aichukue ile ya Kasulu leo hii.

Nimeongea na mwenye banda mmoja hapa jirani. Amekubali Jumamosi saa kumi jioni atuwekee hiyo ya Raj na Simran, watu wazima tu. Mzee aliyetoa hoja kikaoni nimemwendea nyumbani kumwalika, amesema atafikiria. Mzee wa Ujiji, karibu sana, benchi la mbele nitakuwekea. Dada wa Gungu, njoo na shemeji. Kikao cha mtaa ni kesho yake, na safari hii nitanyosha mkono mapema.