Kesi ya Dkt. Ouko: kwa nini vitabuni kila fumbo hufumbuliwa, lakini hili limetushinda?

Msomaji wa Usiku aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimesoma riwaya za upelelezi tangu nilipokuwa darasa la sita, nilipozirithi kutoka kwa kaka yangu zikiwa zimeshapoteza majalada, na hadi leo sijapata raha ya kusoma inayoishinda ile ya kumkisia muuaji kabla mwandishi hajamtaja. Mwaka huu nimeanza kusoma juu ya mauaji ya kweli ambayo hayajapata ufumbuzi, na nimeona nianzie nyumbani, kwenye kifo cha Dkt. Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya.

Kwa wasiokumbuka, Dkt. Ouko alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Mtumishi wa nyumbani alieleza baadaye kwamba usiku huo alisikia kishindo na kuona gari jeupe likiondoka. Mwili wa Dkt. Ouko ulikutwa chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na shamba lake, ukiwa umechomwa moto na una jeraha la risasi kichwani, na kando yake kulikuwa na bastola na mtungi wa mafuta. Mwanzoni ilitolewa nadharia kwamba alijiua. Kisha akaitwa mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, polisi wa London, ikaundwa tume chini ya Jaji Gicheru, mtu mmoja akashtakiwa, na miaka mingi baadaye Bunge likaunda kamati teule ya kulichunguza jambo lile lile. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Nimesoma maelezo ya watu wanne tofauti, na kila nimalizapo moja nasadiki kwamba nimeupata ukweli, mpaka nifungue linalofuata. Swali langu ni hili: je, kosa liko kwangu, kwamba najua kusoma riwaya tu na sijui kusoma kesi? Na ninyi mnaosoma habari za namna hii, mnazisomaje?

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, kosa si lako. Nimekaa katika chumba cha mahakama kwa miaka mingi, nikiandika na kupanga majalada, na naweza kukuambia kwamba mambo mengi ambayo msomaji huyatafuta katika kesi ya zamani siyo yaliyoikwamisha. Msomaji hutafuta sababu ya mauaji: nani alimchukia marehemu, nani angefaidika, waligombana wapi. Mimi nikilifungua jalada la zamani hutazama kwanza saa na tarehe.

Zitazame za kesi hii. Kijana mchunga ng'ombe aliuona mwili ule mchana wa tarehe 13, lakini kupatikana kwake kulikuja kutangazwa tarehe 16. Hesabu mwenyewe. Kwa siku tatu mahali pale palikuwa wazi, pana umande na jua, na mtu yeyote aliweza kufika, kugusa, kuokota au kuweka kitu. Hata akija mpelelezi hodari kuliko wote baada ya hapo, anachokikuta si mahali pa tukio bali ni mabaki ya mahali pa tukio. Troon alifika Kenya baada ya mambo hayo yote kuwa yamekwisha tokea. Alihoji watu wengi na akaikataa nadharia ya kujiua, lakini hakuwa na uwezo wa kuzirudisha zile siku tatu.

Jambo la pili ni tofauti kati ya kujua na kuthibitisha. Bwana Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya, alishtakiwa kwa mauaji hayo. Jaji wa kesi ya kwanza alifariki kabla haijakamilika, ikabidi shauri lianze upya, na mwaka wa 1994 mshtakiwa akaachiwa huru. Watu husema "aliachiwa" kana kwamba mahakama ilishindwa kazi. Sivyo. Mahakama ililetewa ushahidi, ikaupima, ikaona hautoshi kumtia mtu hatiani pasipo shaka, na ikatamka hivyo. Hiyo ndiyo kazi yake. Naomba sana, yeyote atakayeendelea na mjadala huu amtendee mtu aliyeachiwa huru kama mtu aliyeachiwa huru.

Kuhusu tume, Rais Moi aliivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Nayo ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyokuwa chini ya Gor Sungu ilikataliwa bungeni mwaka wa 2010. Kwa hiyo unaposoma, jiulize kila mara: karatasi hii ilifika mwisho wa safari yake, au ilikatizwa njiani? Nyingi katika kesi hii zilikatizwa.

Fundi wa Maabara alijibu:

Nakubaliana na Mzee Karani, nami nataka kuongeza kwa upande wa vipimo, kwa sababu watu wengi siku hizi huuliza kwa nini kesi za zamani zisifunguliwe tu na kupimwa vinasaba (DNA).

Katika jimbo la California, Marekani, kulikuwa na mfululizo wa ubakaji na mauaji kati ya miaka ya 1970 na 1986 ambao ulibaki bila mshtakiwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka wa 2018 alikamatwa mzee wa miaka 72, Joseph DeAngelo, ambaye zamani alikuwa askari polisi, na miaka miwili baadaye alikiri mauaji 13. Wachunguzi walikuwa wamepeleka vinasaba vya mhalifu kwenye hifadhidata ambayo watu wa kawaida huitumia kutafuta ndugu zao, wakapata jamaa wa mbali, kisha wakachora mti wa ukoo tawi baada ya tawi hadi wakamfikia yeye. Magazeti yaliisifu sana mbinu hiyo mpya, na inastahili sifa. Lakini mimi nilisimama kwenye jambo dogo ambalo wengi walilipita: sampuli iliyotumika ilitokana na tukio la mwaka wa 1980 katika kaunti ya Ventura, na mtu fulani alikuwa ameichukua vizuri, akaiwekea alama na kuihifadhi, miaka kadhaa kabla vinasaba havijatumika katika upelelezi wa jinai mahali popote duniani. Hakujua itakuja kufanya nini. Aliihifadhi kwa sababu utaratibu wa kazi ulimtaka afanye hivyo.

Maabara haiwezi kupima kitu ambacho hakikuokotwa. Moto huharibu mengi, na siku tatu za jua na umande huharibu mengine. Hata kilichookotwa, kama hakina maandishi yanayoonyesha kilipita mikononi mwa nani tangu siku ya kwanza, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu na kipimo chako kitaanguka.

Tena vinasaba peke yake havimkamati mtu. Kesi ya kwanza kabisa ya mauaji kufumbuliwa kwa njia hii ilikuwa ya Leicestershire, Uingereza, ambako wasichana wawili waliuawa mwaka wa 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji moja, na kipimo cha mwanasayansi Alec Jeffreys kikaonyesha kwamba siye. Fikirini: kazi ya kwanza ya vinasaba ilikuwa kumwokoa asiye na hatia. Baadaye polisi walipima wanaume wapatao 5,000 bila kumpata mhusika, kwa kuwa mwokaji mikate aitwaye Colin Pitchfork alikuwa amemtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Kilichomfichua ni mazungumzo ya baa, ambayo mwanamke mmoja aliyasikia na akaona asiyanyamazie.

Mwalimu wa Fasihi, Unguja, alijibu:

Nimefurahi kuyasoma haya, nami nitalijibu lile swali la kusoma, maana ndilo ninaloliweza.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulilelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu riwaya ya kwanza ya mwandishi huyo ilipochapishwa mwaka wa 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Kiko mkononi, msaidizi wake Najum pembeni, na fumbo linafunguliwa kwa akili tupu. Nampenda Bwana Msa na nitaendelea kumsomesha. Hata hivyo, mwandishi wa riwaya ya upelelezi huanza na jibu, kisha hurudi nyuma kutawanya dalili, na kwa hiyo kila kitu kinachotajwa kimewekwa pale kwa makusudi. Likitajwa gari jeupe katika ukurasa wa tano, msomaji ana haki ya kudai lirudi kabla ya ukurasa wa mwisho. Katika maisha hakuna aliyeliweka gari lile kwa ajili yetu. Huenda ndilo ufunguo wa kila kitu. Huenda pia aliyeliona aliliona gizani, kwa nukta chache tu, na zaidi ya hapo hatuna haki ya kudai lolote.

Ndiyo maana, Ndugu Msomaji, kila maelezo yanakusadikisha. Kila mwandishi amefanya kazi ya mtunzi: amechagua dalili zinazokwenda na jibu lake. Mmoja hulikuza suala la kiwanda cha molasi cha Kisumu, ambalo Troon alilipa uzito, mwingine huikuza safari ya ujumbe wa Kenya kwenda Washington wiki chache kabla ya kifo hicho. Anguka mwenyewe aliandika kitabu baada ya kuachiwa, na balozi wa Marekani wa wakati ule, Smith Hempstone, alitoa maelezo yake katika kumbukumbu alizochapisha mwaka wa 1997. Wote wana haki ya kuandika. Sisi nasi tuna haki ya kumuuliza kila mmoja: hili uliliona, uliambiwa, au unalikisia?

Msomaji wa Usiku alirejea:

Nawashukuru sana nyote. Baada ya kumsoma Mwalimu, jana usiku nilichukua daftari nikaligawa safu tatu: yaliyoonwa, yaliyosimuliwa, yaliyokisiwa. Nilipitia sura moja tu ya kitabu ambacho nilikuwa nakiamini kuliko vyote. Safu ya tatu ilijaa ukurasa na nusu, na safu ya kwanza ikapata mistari saba. Nimehuzunika, nakiri, kwa sababu nyuma ya hesabu hiyo kuna mtu aliyetolewa nyumbani kwake usiku na familia inayosubiri jibu tangu 1990. Mzee Karani, nikitaka kusoma yaliyosemwa mbele ya tume yenyewe, nianzie wapi?

Karani Mstaafu alijibu:

Anzia kwenye magazeti ya 1990 na 1991, kwa maana vikao vya tume viliripotiwa kwa kirefu. Ukifika Nairobi, ingia Maktaba ya McMillan, ambayo ina hazina kubwa ya magazeti ya zamani. Nenda na daftari lako hilo hilo, usome siku moja baada ya nyingine kama waliokuwa wakinunua gazeti asubuhi ile, wala usirukie Novemba 1991 kwanza. Kosa la kuua halina ukomo wa muda katika sheria, hivyo usikione unachokisoma kuwa ni historia tu. Ukikuta shahidi aliyetaja saa, iandike saa hiyo pamoja na ukurasa, kisha uje utuambie.