Kusafirisha baiskeli ng'ambo kwa ajili ya mashindano: njia ipi haiumizi mfuko?

Tairi_Nyembamba aliuliza:

Wadau, habari zenu. Nimepata nafasi kwenye mashindano ya barabarani ya kilomita 160, milima mitatu, na yako ng'ambo ya bahari. Nimejiandaa miezi 14. Sina timu wala mdhamini, kila kitu natoa mfukoni mwangu.

Baiskeli yangu ni ya kaboni, saizi 52, breki za diski za mafuta, gia za waya. Uzito wake kilo 8 na nusu. Niliuliza kampuni mbili za vifurushi, na bei walizonitajia zinakaribia nauli yangu mwenyewe. Rafiki kanishauri nikodi huko huko, lakini moyo unakataa. Mlima wa pili una mteremko wa kilomita 12, na sitaki kuushuka juu ya baiskeli ambayo sijawahi kuzijaribu breki zake.

Je, boksi la karatasi linatosha, au lazima nitafute sanduku gumu? Na forodha hawatanidai ushuru? Tiketi bado sijanunua.

Dada yenu.

Mzee_wa_Mlima alijibu:

Dada, nimefurahi sana kusoma kwamba hujanunua tiketi, maana gharama ya baiskeli inaamuliwa hapo. Nimesafiri na yangu mara sita, nne kati ya hizo kwa boksi la karatasi, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Usilinganishe bei za viti peke yake. Chukua daftari, andika kila shirika linalokwenda huko, kisha soma sehemu ya vifaa vya michezo, siyo ile ya mizigo ya kawaida. Utakuta wengine wanaihesabu baiskeli kuwa moja ya mizigo yako ya kawaida, mradi isizidi kilo 23. Wengine wana ada maalumu ya baiskeli, na wanaitoza kwenda na kurudi. Wengine wanaitoza kama mzigo uliozidi ukubwa, na hapo ndipo watu wanapolia. Begi la kawaida hupimwa kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, na kikomo cha mashirika mengi ni sentimita 158. Boksi la baiskeli ni kama 140 kwa 80 kwa 20. Jumla 240! Bila kanuni ya vifaa vya michezo, umeshazidi kabla hawajaliweka kwenye mizani.

Safari yangu ya pili nilikimbilia tiketi ya bei ya chini kuliko zote. Ada za baiskeli zikala kila nilichookoa na zaidi, na shirika nililoliacha kwa kuliona ghali lingeibeba bila malipo ya ziada. Iliniuma, maana maelezo yote yalikuwa wazi na sikuyasoma.

Jambo jingine: safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Ukiunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti, ujue unaweza kulipia baiskeli mara mbili, na katikati mara nyingi utaipokea, utaikokota hadi kaunta nyingine na kuisajili upya. Ukishanunua, piga simu siku hiyo hiyo baiskeli iandikwe kwenye nafasi yako. Ndege ndogo hupokea chache, na nyingine mlango wake wa mizigo haupitishi boksi kabisa. Omba uthibitisho kwa barua pepe, uuchapishe, na uwe nao mkononi kaunta.

Boksi la karatasi linatosha. Baiskeli mpya nyingi hufika madukani ndani ya maboksi hayo, na mwenye duka mara nyingi anatafuta mtu wa kumwondolea. Lenyewe lina kilo 3 au 4. Sanduku gumu likiwa tupu linaweza kufika kilo 12, kwa hiyo kwa baiskeli yako zitabaki kilo 2 na nusu tu kufikia 23. Kwa boksi la karatasi zinabaki kama 10, na humo unaweka nguo, kofia na pampu. Lakini usijaze mpaka mwisho. Mizani ya nyumbani na ya uwanja wa ndege hazisemi lugha moja. Kilo 32 ndiyo mwisho kwa mzigo mmoja karibu kila mahali, kwa sababu kuna binadamu anayeuinua.

Spoku32 alijibu:

Naongezea kwenye kufunga, kwa sababu mimi niliharibikiwa na siku ya mbio nilikuwa kando ya barabara nikiwapigia wenzangu makofi.

Breki za mafuta: ukitoa magurudumu, weka kipande cha plastiki kati ya pedi, mbele na nyuma. Mimi sikuweka. Njiani kitu kilikandamiza mkono wa breki, pedi zikasogeleana, diski ikakataa kuingia. Kwa haraka nikazitanua kwa bisibisi na nikaipasua pistoni, ile inayosukuma pedi. Pistoni ya mfano ule haikupatikana wikiendi. Miezi ya mazoezi ilipotea kwa kukosa kipande cha plastiki, na bado nikikumbuka nasikia uchungu.

Diski zenyewe zing'oe, uzifunge katikati ya nguo. Gia ya nyuma ifungue kutoka kwenye kile kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia, izungushie sponji, uifunge ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Kipande hicho hupinda haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli, na kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo nunua cha akiba kabla hujasafiri. Kati ya miguu ya foki (inayoshika gurudumu la mbele), na kati ya ile ya nyuma, weka vizuizi vya plastiki ili boksi likilaliwa na mzigo isibanwe. Mwombe mwenye duka vizuizi hivyo pamoja na boksi.

Fremu ivishe sponji za kuvalishia mabomba ya maji. Kabla ya kushusha siti, zungushia tepu palepale bomba lake linapoingia kwenye fremu, ili ukifika irudi kwenye urefu wake bila kubahatisha. Pedeli zote mbili hufunguka kwa kuzungusha spana iliyo juu kuelekea nyuma ya baiskeli. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, wengi huiharibu kwa kuilazimisha.

Upepo punguza, kaunta wanaweza kukuuliza, ila usiumalize kabisa: tairi laini kidogo linailinda ringi. Kule kwenye mizigo hewa haipungui kiasi cha kupasua tairi. Tairi la psi 75 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) litapanda kwa psi 4 hivi, basi. Na vile vichupa vya gesi ya kujazia upepo viache nyumbani. Vina masharti, na hata palipo na ruhusa ofisa wa ukaguzi anaweza kuvichukua. Utanunua ukifika.

Kofia_Nyeupe alijibu:

Dada, viatu, pedeli na vipimo vyako (urefu wa siti, umbali kutoka siti hadi usukani) vikae kwenye begi la mkononi. Baiskeli ikichelewa, utaazima yoyote ya saizi 52 na kufunga pedeli zako. Mimi hilo liliniokoa, nilimaliza mbio kwa baiskeli ya kuazima na yangu ikafika siku ya pili yake. Spana lakini ziweke kwenye boksi, mkononi zinaweza kuchukuliwa.

Tairi_Nyembamba:

Asanteni mno. Spoku32, pole sana, nimesoma habari ya pistoni mara mbili. Bado nina hofu ya forodha, na vipi wakiivunja?

Mzee_wa_Mlima alijibu:

Baiskeli inayosafiri na mwenyewe ni mali ya msafiri. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 1990 una kiambatisho kizima kuhusu vitu binafsi vya wasafiri na vifaa vinavyoingizwa kwa ajili ya michezo, na nchi nyingi zinaviruhusu kwa muda bila ushuru, mradi utoke navyo. Ukiituma peke yake kwa kampuni ya vifurushi inageuka shehena, na hapo ndipo makaratasi, dhamana na ucheleweshaji huanza. Bebea risiti ya ununuzi, barua ya kukubaliwa kwenye mashindano, na picha ya namba ya fremu, ambayo kwa kawaida iko chini, penye mhimili wa pedeli.

Wakiivunja: lifungue boksi palepale uwanjani hata kama umechoka, piga picha, na usiondoke bila kuandikisha ripoti. Mkataba wa Montreal wa 1999, wa safari za ndege za kimataifa, unakupa siku 7 tangu kupokea mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu. Fidia ina kikomo, sasa ni SDR 1,519, na SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiasi hicho baiskeli nyingi za kaboni zinakipita, kwa hiyo fikiria bima. Ila soma kama inagusa baiskeli ikiwa ndani ya ndege, na kama inakubali boksi la karatasi, maana zipo zinazodai sanduku gumu.

Halafu boksi lako usilitupe. Omba hoteli walihifadhi mpaka siku ya kurudi.

Tairi_Nyembamba:

Nimerudi na habari. Tiketi nimenunua, moja kwa safari nzima, kwa shirika linaloihesabu baiskeli kama begi. Nauli imezidi kidogo ile ya chini kabisa, lakini baiskeli haina ada. Uthibitisho wa barua pepe umeshafika.

Jana nilifunga kwa majaribio, saa mbili na nusu nzima. Mizani ikasoma kilo 24.1. Nikatoa viatu na pedeli kama alivyosema Kofia_Nyeupe, na koti la mvua, ikashuka hadi 22.3. Vipande vya plastiki viko kwenye breki zote mbili, nimevifunga kwa tepu nyekundu nisivisahau. Leo nimeifungua na kuiunganisha peke yangu, nikazunguka kilomita 20. Gia ya nyuma ilikwaruza kidogo kwenye meno makubwa, nikaikaza waya nusu mzunguko, ikatulia.

Siku ya kuondoka nafika uwanjani zikiwa zimebaki saa nne ndege iruke.