Msitu wa Pugu na watoto wa miaka 3 na 6: inawezekana?

MamaNajma_Tabata
Habarini ndugu zangu. Naishi Tabata, nina watoto wawili, wa kike miaka 6 na wa kiume miaka 3. Jumapili zetu zimekuwa za runinga tu, au tukitoka basi ni ufukweni, ambako watu wamejaa na huyu mdogo nakimbizana naye majini mpaka nachoka. Nimesikia kuna msitu wa asili pale Pugu, ukishapita Gongolamboto, kabla hujafika Kisarawe, na kwamba watu huenda kutembea kwa miguu. Mume wangu anasema hawa wataomba kubebwa kabla hatujafika popote. Aliyewahi kwenda na watoto wadogo naomba anieleze: niende nao saa ngapi, nibebe nini? Na nyoka je? Hilo la nyoka ndilo linaloniweka njia panda.

Kijana wa Ukonga
Dada nenda, kuzuri mno, na hewa yake si ya mjini kabisa. Usikose kuwapeleka pango la popo, yale machimbo ya zamani ya udongo mweupe. Jioni popo wanatoka wengi ajabu, watoto watafurahi.

BabaShukuru
Dada, acha nikujibu kwa kirefu, maana msitu huu naupenda na wanangu wamekulia humo. Mimi nakaa Chanika, kwetu ni jirani.

Mumeo ana hoja, ikiwa mnapanga kufika mahali fulani. Mtoto wa miaka 3 ukimwambia "tunakwenda bwawani", hajamaliza dakika ishirini ataanza kuuliza tumefika? Usimtajie mwisho wa safari. Mwache atangulie hatua mbili tatu, wewe fuata mwendo wake. Mwanangu mdogo alipokuwa rika la huyo wako, asubuhi nzima tulitembea labda kilomita moja na nusu, na hakubebwa hata kidogo. Kilichotuchelewesha ni jongoo. Ilikuwa mwishoni mwa masika, njia bado ina unyevunyevu, na jongoo mweusi, mnene kuliko kidole changu, anakatiza. Tukachuchumaa. Ukimtazama kwa karibu, miguu yake haiendi yote kwa pamoja: inainuka kwa zamu, wimbi linaanzia nyuma linakwenda mbele, huku mwili wenyewe umetulia kabisa. Mtoto akamgusa kwa kijiti, jongoo akajikunja. Tukakaa kimya tukimsubiri ajikunjue, na alipojikunjua mtoto alipiga kelele ya furaha ambayo bado naisikia. Angalizo moja: asimshike halafu akajifikicha macho. Yale majimaji anayotoa yanawasha na yanaacha doa mkononi.

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, njia ni kavu na rahisi zaidi kwa miguu midogo. Wakati huo tafuteni vile vishimo vya duara kwenye mchanga laini, chini ya miti. Humo ndani amejificha mdudu anayesubiri sisimizi wateleze. Chukua unyasi, gusa ukingo wa kishimo taratibu, utaona anarusha mchanga kutoka chini. Wangu wanaweza kumalizia nusu saa hapo.

Huyo wa miaka 6 mpe kitu cha kichwani. Mwambie mto Msimbazi, huohuo mnaouona kwenu Tabata na unaofunga barabara ya Jangwani mvua zikizidi, unaanzia kwenye vilima hivi vya Pugu. Wangu wa kwanza alipolijua hilo, kila mfereji tulioukuta aliuliza kama nao unakwenda Jangwani. Mwambie pia kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha shule hapa Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Mkisikia juu ya miti sauti kama ya mtoto mchanga anayelia, msiogope, huyo ni hondohondo.

Sasa nyoka. Wapo, msitu ni wao. Lakini nyoka huhisi mtikisiko wa miguu na mara nyingi huondoka kabla hujamwona. Mtu mzima mmoja awe karibu mbele, mwingine nyuma. Watoto wavae suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, si ndala. Mkono usiingizwe shimoni wala chini ya gogo. Basi. Mimi ninachokichunga zaidi ni upupu. Yale maganda ya rangi ya kahawia yenye manyoya yanavutia mno mtoto, yanaonekana laini. Mwonyeshe mapema, kwa mbali, mwambie hilo haliguswi. Likimpata, mzuie asijikune, maana vile vinyweleo vinazidi kusambaa. Na mkisimama kula, tazameni kwanza chini kama hakuna msafara wa siafu.

Ingieni asubuhi mapema, saa 5 muwe mnatoka, kabla jua halijawa kali na watoto hawajaanza kununa. Lipeni getini kwa kumbukumbu namba ya serikali na mwombe mhifadhi awaonyeshe njia fupi, mwambie una watoto.

Nesi_Kinyerezi
Naunga mkono yote ya BabaShukuru, ila naomba niseme wazi kuhusu pango. Mimi ni muuguzi. Watoto wa umri huo wasiingie kwenye pango lenye popo. Virusi vya Marburg hubebwa na aina ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na nchi yetu imepata mlipuko Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Sisemi popo wa Pugu wana ugonjwa huo. Nasema mtoto wa miaka 3 anashika kila kitu na kutia mkono mdomoni, na vumbi la kinyesi cha popo peke yake si zuri kwa mapafu. Kama mnataka kuwaona wakitoka jioni, simameni nje, mbali na mlango. Na mkirudi nyumbani wakague watoto kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni.

Kijana wa Ukonga
Nimekuelewa nesi. Sikuwaza upande wa watoto.

MamaNajma_Tabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu, amekubali twende Jumapili ijayo. La mwisho: mdogo akichoka kweli nifanyeje, kigari chake kitapita? Na hatuna gari, tunafikaje?

BabaShukuru
Kigari acha nyumbani, mizizi na mchanga havitakupa nafasi. Chukua mbeleko, umfunge mgongoni atalala humohumo. Chakula kiwe chepesi: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, na maji zaidi ya mnavyodhani mtahitaji. Kima wakisogea msiwape kitu, hata ganda la ndizi. Usafiri, fikeni Gongolamboto, pandeni daladala za Kisarawe, mwambie konda mapema awashushe kwenye geti la msitu.