Tupeane uzoefu: mkono wako wa kudizaini ulitoka wapi?

Msuka Mkeka: Wakuu, jana kwa kinyozi hapa Jinja, Uganda, nimeona kalenda ina korongo wetu wa bendera, kachorwa kwa nusu duara tatu na pembetatu moja ya mdomo. Basi. Nikajua ni kazi ya nani kabla sijasoma jina. Kurudi nyumbani nikafungua kazi zangu za miaka minne, kila moja kama ya mtu mwingine. Nyie mlipataje mkono wenu?

Kijana wa Arua: Nafuatilia. Ugonjwa wangu huo huo.

Pembe Tatu: Umenikumbusha 2016. Nilikodi meza Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, mama mmoja akaagiza kadi 300 za kwanjula, sherehe ya binti yake kumtambulisha mchumba. Nikafanya kama wote: nikachota maua intaneti, nikabadili rangi. Akaja kesho yake na kadi ya jirani yake. Maua yale yale, hata lile jani lililopinda kushoto! "Mwanangu, hela nimekulipa wewe au jirani?" Meza zote zikageuka. Nikaomba siku moja.

Usiku umeme ukakatika. Asubuhi meza nyeupe, laptop haipo. Pesa ya mama nimeshanunulia karatasi. Nikatafuta manila nyeusi na wembe. Duara kubwa nikazungushia kikombe, dogo kifuniko cha soda. Ukikata mstari mwembamba manila inachanika, basi kila kitu kikawa kinene: kikapu nusu duara, mabega ya gomesi, lile gauni letu la sherehe, pembetatu mbili zimesimama, mshipi mstatili, kichwa duara. Wembe ukateleza, kichwa kikabaki na pengo ubavuni. Nikaliacha, muda haukuwepo. Mama akaitazama kimya, mimi jasho, kisha akacheka: "Huyu ndiye binti yangu kweli, shingo hana." Mpaka leo maduara yangu yana pengo, hata nikichora kwa kompyuta.

Nnalongo wa Mbale: Banange! Na mwizi alipatikana?

Boda Stendi: Ni mwenye meza huyo, nakwambia.

Rula: Hadithi tamu, ila pengo si mtindo. Ni kosa umelizoea.

Pembe Tatu: Nenda Nyero kule Kumi, kwenye michoro ya kale, ukaone maduara mekundu mwambani, moja ndani ya jingine. Nionyeshe lililopimwa kwa bikari.

Rula: Waliochora Nyero hawakuwa na mteja anayetaka kazi saa kumi jioni.

Boda Stendi: Mlinzi je, mlimhoji?

Mwalimu Sanaa: Turudi kwenye mada. Mwaka 1923 mchoraji Kandinsky, pale Bauhaus, shule ya sanaa Ujerumani, aliwapa watu fomu: pembetatu, mraba, duara, kila moja ipake rangi yake. Yeye mwenyewe alisema njano, nyekundu, buluu. Jaza ya kwako bila kufikiri sana. Rangi utakazorudia ndizo zako.

Kijana wa Arua: Mwalimu, njano na nyekundu, rangi za vyama viwili hasimu hapa kwetu, nilizipanga kwenye bango la duka la simu. Mteja akaniuliza, "Ssebo, unanitafutia ugomvi na upande upi?"

Nnalongo wa Mbale: 😂😂 Weka kijani.

Rula: Achana na rangi. Mwezi mzima nyeusi na nyeupe, duara na mraba tu. Kila siku kitu kimoja: kuku, sigiri, kamunye (basi dogo la abiria). Ukifika thelathini zipange sakafuni, utaona unachokirudia bila kujua.

Fundi Vibao: Mimi nasema iga. Iga watu kumi, kile kinachokushinda kuiga ndicho chako.

Rula: Ndivyo mlivyoletewa kadi ya jirani.

Fundi Vibao: Wewe na rula yako mmechora nini tukakijua?

Msuka Mkeka: Msigombane kwangu. Nimejaribu kikombe na wembe usiku huu. Korongo ametoka kama birika.

Pembe Tatu: Usimrekebishe. Mchore tena kesho.

Boda Stendi: Pembe Tatu, hujajibu. Laptop ilirudi?

Pembe Tatu: Haikurudi. Chaja ninayo, anayeitaka aje.