Mjadala: Chevrolet Corvair ya 1960–1963 ilikuwa gari bovu, au ilionewa?

Mleta mada

Wakuu, naleta kesi ya zamani ambayo mpaka leo inawagawa wapenzi wa magari Marekani. Chevrolet Corvair iliingia sokoni Oktoba 1959 kama modeli ya 1960. Ilikuwa kazi ya Ed Cole, mkuu wa Chevrolet wakati ule: injini ya aluminiamu yenye silinda 6 zilizolala, 3 kila upande, inayopozwa kwa hewa, imekaa nyuma kabisa ya gari. Kwa Wamarekani waliozoea injini nzito ya chuma mbele, hiyo ilikuwa hatua kubwa mno. Punde likaja toleo la Monza, na mwaka 1962 Monza Spyder yenye tabochaja na nguvu farasi 150. Mtu wa kipato cha kawaida akapata gari lenye ladha ya Porsche.

Novemba 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu kuhusu usalama wa magari, na sura ya kwanza yote akaielekeza kwa Corvair. Alidai ekseli yake ya nyuma inamgeuka dereva kwenye kona. Jina la gari likachafuka. Lakini mwaka 1972 idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, ikatoa matokeo ya majaribio yake. Waliichukua Corvair ya 1963 wakailinganisha na Ford Falcon, Plymouth Valiant, Volkswagen, Renault Dauphine na Corvair mpya zaidi ya 1967. Wakahitimisha kwamba haina hatari isiyo ya kawaida ya kupoteza mwelekeo wala kupinduka.

Msimamo wangu: gari hili lilionewa. Karibuni kwa hoja.

Chini ya Gari

Mkuu, kabla ya ripoti tuingie kwanza uvunguni, maana ugomvi wote umeanzia huko.

Corvair za 1960 hadi 1963 nyuma zina ekseli ya kubembea. Kila upande, shafti inayotoka kwenye difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ina jointi moja tu, ile ya ndani. Kule kwenye gurudumu hakuna jointi. Maana yake gurudumu limefungwa moja kwa moja na shafti: shafti ikishuka, gurudumu linalala nayo.

Sasa ingia kona ya kulia kwa kasi. Gari linaelemea kushoto, na lami inalisukuma tairi la nyuma la kushoto kuelekea ndani, pale chini linapogusa. Msukumo huo unapita kwenye shafti na kunyanyua difu, kwa hiyo mgongo wa gari unapanda. Ukipanda, shafti inaning'inia, na unyayo wa tairi unajikunja kuingia chini ya gari. Tairi lililokuwa limekaa upana wake wote sasa limesimama kwenye ukingo, na linaachia ghafla. Kwa kuwa asilimia 60 hivi ya uzito iko nyuma, mkia unatoka nje na gari linajizungusha. Dereva akishtuka na kuachia mafuta katikati ya kona, ameongeza tatizo, kwa sababu uzito unahamia mbele na nyuma inazidi kunyanyuka.

Anayetaka kuona kwa macho, apige jeki Corvair ya miaka hiyo kwa nyuma, kisha aishushe polepole. Magurudumu yatabaki yamejikunja, nyayo zimeingia ndani, na gari limekaa juu kama lililotishwa. Halikai sawa mpaka ulisukume mita chache. Ndiyo maana ukipima mlalo wa magurudumu mara tu baada ya kutoa jeki, vipimo vyako ni vya uongo.

Chevrolet walilijua hilo. Dawa yao ilikuwa upepo wa tairi: psi 15 mbele na psi 26 nyuma, tairi zikiwa baridi. Tairi laini la mbele linachelewa kuitikia usukani na kuanza kuteleza mapema, hivyo pua inasukumwa nje kabla mkia haujaachia. Kwenye karatasi ni hesabu nzuri. Ila mjaza upepo wa kituo cha mafuta, aliyezoea kujaza tairi zote 4 sawasawa, angeweka 26 kote, na ile kinga yote imeyeyuka kwa dakika 5 bila mwenye gari kujua.

Kwangu mimi, gari ambalo usalama wake umeachwa mikononi mwa mjaza upepo lina kasoro ya usanifu, hata kama kila kipande chake ni kizima.

Mleta mada

Umeeleza vizuri sana, mkuu, na sina ugomvi na maelezo ya ekseli. Lakini ekseli ya kubembea haikuwa uvumbuzi wa Corvair. Volkswagen ya mviringo ilikuwa nayo. Porsche 356 ilikuwa nayo. Mercedes-Benz 300SL, gari la ndoto la miaka ya 1950, ilikuwa nayo. Na sisi wa Afrika Mashariki tusisahau kwamba mshindi wa Safari Rally ya 1962 alikuwa Volkswagen 1200, yenye ekseli ya kubembea nyuma, kwenye njia za matope na vumbi ambazo hakuna barabara kuu ya Marekani inayofanana nazo. Mbona hizo hazikuitwa mashine za kuua?

Upepo tofauti mbele na nyuma nao ulikuwa umeandikwa kwenye kitabu cha mwenye gari. Asiyesoma kitabu, tumlaumu mhandisi?

Chini ya Gari

Mfano wa Safari naupokea, lakini uangalie vizuri. Volkswagen ya 1962 ilikuwa na nguvu farasi 40 hivi kwa kipimo cha Marekani cha wakati ule. Corvair dhaifu kuliko zote ilianza na 80, na Spyder ikafika 150. Injini ya silinda 6 nayo ni nzito kuliko ya silinda 4. Aina moja ya ekseli, ndiyo, lakini mzigo na kasi si vile vile.

Halafu aliyeshika usukani wa Safari ni dereva wa mashindano, anayejua mkia unapoanza kulegea. Corvair iliuzwa kwa familia kama gari dogo la kwenda kazini na sokoni. Mnunuzi alitoka kwenye Chevrolet ya injini ya mbele, ambayo ukizidisha kasi inasukuma pua nje na kukuonya mapema. Mikono yake ilikuwa imefundishwa na gari lingine.

Hakimizani

Naomba kuingia upande wa ripoti ya 1972, kwa sababu inasomwa kama hukumu ya kuachiwa huru, na sivyo.

NHTSA waliuliza: je, Corvair ni mbaya kuliko magari ya wakati wake? Ukiliuliza hivyo, jibu linategemea umeliweka kando ya nani. Kati ya magari manne ya wengine waliyolinganisha, mawili, Volkswagen na Dauphine, yana injini nyuma na ekseli ya kubembea. Kumwambia mtu kwamba gari lake si baya kuliko Dauphine si kumwambia kwamba ni salama. Swali la Nader lilikuwa lingine: je, mtengenezaji alijua njia bora akaiacha kwa ajili ya gharama?

Hapo ushahidi unamwelemea Chevrolet. John DeLorean, aliyekuwa kigogo ndani ya General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, alikuja kusimulia kwamba stabilaiza (fimbo ya chuma inayopunguza gari kulala kwenye kona) ilipingwa kwa sababu ya gharama ya kama dola 15 kwa gari, mpaka Bunkie Knudsen, mkuu mpya wa Chevrolet, alipotishia kujiuzulu. Modeli ya 1964 ikatoka na stabilaiza mbele kama kifaa cha kawaida, na nyuma springi ya vyuma bapa iliyolala kwa upana wa gari chini ya difu, inayozuia magurudumu yasijikunje. Mwaka 1965 ekseli ya kubembea ikaondolewa kabisa. Shafti zikawekewa jointi 2 kila upande, kwa mpangilio wa jamii moja na ule wa gari la michezo la Chevrolet, Corvette Sting Ray ya 1963.

Na tusipite kimya juu ya walivyomtendea mkosoaji wao. General Motors iliajiri wapelelezi wamchimbe Nader maisha yake binafsi. Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, akaomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Septemba mwaka huo huo sheria ya kitaifa ya usalama wa magari ikatiwa saini, na mwaka 1970 kampuni ikamlipa Nader dola 425,000 kumaliza kesi.

Mleta mada

Hakimizani, wewe ni mtu wa sheria, kwa hiyo unajua kwamba katika mahakama za Marekani marekebisho ya baadaye hayapokelewi kama uthibitisho wa kosa la awali. Kuna sababu nzuri. Tukimhukumu kila anayeboresha, hakuna atakayethubutu kuboresha. Springi ya 1964 haigeuzi gari la 1960 kuwa bovu.

Na wanaosema kitabu ndicho kilichoiua Corvair waangalie tarehe. Ford Mustang ilitoka Aprili 1964, ina nafasi ya injini ya V8 (silinda 8) na imejengwa kwa vyuma vya kawaida vya bei nafuu. Corvair za modeli ya 1965 zilikuwa 235,528. Za 1966 zikaanguka hadi 103,743, na za 1969 zilikuwa 6,000 tu. Kitabu kilichangia, sikatai, lakini injini ya aluminiamu ghali kutengeneza isingeshindana na Mustang kwa bei.

Hakimizani

Mahakamani ndiyo, hayapokelewi kuthibitisha kosa. Yanaweza kupokelewa mtengenezaji akikana kwamba njia bora iliwezekana. Na hapa si mahakamani, tunapima uhandisi. Mhandisi anaruhusiwa kuuliza kwa nini dawa ilichelewa miaka 4.

Spana 13

Wakuu mmebishana ekseli mpaka mmesahau kasoro ambazo ripoti ya 1972 haikuzigusa, maana ilihusu uendeshaji na utulivu wa gari tu. Mimi hizi zinaniuma zaidi.

Kuanzia 1961 hita ya kawaida ya Corvair inachukua hewa iliyopita kwenye silinda na kuiingiza kwa abiria. Injini ina vijiti 12 vya kusukuma valvu, kila kimoja ndani ya mrija wake, na kila mrija una pete ya mpira kila mwisho. Jumla pete 24. Mpira wa kiwandani unakauka kwa joto na kuwa mgumu kama plastiki, oili inachuruzika juu ya egzosi, na moshi wake unaishia puani mwa watoto kiti cha nyuma. Gasketi ya egzosi ikivuja ni hatari zaidi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Anayefungua injini hii leo abadili pete zote 24 kwa zile za Viton, mpira unaostahimili joto, asichague zinazovuja peke yake.

La pili ni mkanda wa feni. Unatoka kwenye puli ya krenki ukiwa wima, unajipinda robo mzunguko, unalala kuzungusha feni iliyo juu ya injini, kisha unajipinda tena kushuka. Ukiulegeza unaruka, ukiukaza sana unaua beringi ya feni. Ukiruka, kwenye dashibodi inawaka taa ya GEN-FAN. Usisubiri kufika nyumbani, kwa sababu injini hii haina maji na bila feni inaungua muda mfupi tu. Ndiyo maana wenye Corvair hubeba mkanda wa akiba na spana yake.

La tatu, boksi la usukani liko mbele ya ekseli ya mbele, na mhimili wake ni chuma kimoja kirefu. Gari likigongwa puani, chuma kinasukumwa kifuani kwa dereva. Mhimili unaojikunja ulikuja 1967.

Kwa mwenye modeli ya 1960 hadi 1963: pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na daima nyuma izidi mbele. Usiweke springi ndefu kunyanyua mkia, maana kila sentimita unayoinua inaanza kuzikunja nyayo ndani hata gari likiwa limesimama. Funga stabilaiza mbele na kizuizi cha kujikunja nyuma. Vilevile kagua jointi za shafti.

Chini ya Gari

Mleta mada, nijibu jambo moja. Mwaka 1962 Chevrolet walianza kuuza kifurushi nambari 696: stabilaiza ya mbele, springi ngumu zaidi, na mikanda ya kuzuia ekseli ya nyuma isishuke kupita kiasi. Kilikuwa cha kulipia, kimewekwa kwa ajili ya wapenda mbio. Mama aliyekwenda kununua gari la kupelekea watoto shule angejuaje kwamba anakihitaji kuliko hao wa mbio?

Mleta mada

Hapo umenikamata, mkuu. Kwa modeli za 1960 na 1961, ambazo kiwanda hakikuuza kinga hiyo hata kwa anayetaka kulipa, naweza kutetea kwamba walikuwa bado wanajifunza, kama Volkswagen na Porsche. Kwa modeli za 1962 na 1963 kinga ilikuwepo kwenye rafu ya kiwanda chenyewe. Hizo mbili nazitoa kwenye utetezi wangu. Za 1964 kwenda mbele siziachii, na atakayezishambulia aje na vipimo.