Taka za mtaa wetu Mbeya: tanuru, mboji au dampo?

Kijana wa Soweto
Wakuu, mtaa wetu umeitisha mkutano wa kuchagua njia ya kumaliza taka. Wengine wanataka mboji, wengine wanataka kontena ziongezwe na taka ziende dampo. Mimi nasimama na tanuru. Addis Ababa wana mtambo wa Reppie tangu 2018, wanachoma taka wanapata umeme. Sisi tumepungukiwa nini?

Mama Karoti
Mwanangu, taka za soko unazijua au unapita tu? Kabichi zilizooza, maganda ya ndizi, majani ya karoti. Gunia ukiliinua linachuruzika. Mvua ikishika Novemba mpaka Aprili ndiyo usiseme. Litawaka kwa dizeli ya nani?

Fundi Tofali
Shikamoo mama. Taka zinaanikwa kwanza chini ya bati, ndipo zichomwe. Nimechoma matofali miaka mingi, moto naujua.

Kisiki
Fundi, tofali si pampasi. Plastiki ya PVC ikiungua kwa moto hafifu inatoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Ulaya sheria inataka moshi wa mitambo hiyo upite kwenye nyuzijoto 850 kwa sekunde 2 angalau. Wewe na tofali zako utafika huko? Asubuhi za baridi, Juni na Julai, moshi hapa mjini hauendi popote, unalala bondeni tunauvuta sisi na watoto. Na hao Addis walijenga kwa sababu dampo la Koshe liliporomoka likaua watu zaidi ya 110.

Kijana wa Soweto
Koshe iliporomoka Machi 2017. Ujenzi wa mtambo ulikuwa umeshaanza zamani. Usipindishe mambo.

Kisiki
Tarehe umeikamata, sumu umeiruka.

Fundi Tofali
"Wewe na tofali zako." Nyumba unayolala imejengwa na nini, ndugu yangu?

Binti wa Isyonje
Jamani, sisi wa viazi huku tunaihitaji hiyo mboji. Mbolea ya dukani bei haishikiki na udongo umechoka. Dar, kule Mabwepande, kuna kiwanda cha mboji walichojenga wakishirikiana na jiji la Hamburg, kinakula taka za masoko. Mabua ya mahindi tunayo tele ya kuchanganya na kabichi, rundo linageuzwa, linapata joto lenyewe. Baridi yetu italichelewesha kidogo, basi. Ombi langu moja, taka zitengwe: tuliwahi kuletewa mboji yenye vioo na betri ndani. Mama gani atampeleka mwanawe kupalilia humo?

Baba Mwenye Nyumba
Hapo ndipo itakapofia. Mboji inataka taka zitengwe nyumbani. Wapangaji wa siku hizi hata ada ya taka hawalipi, ndio watenge maganda na chupa?

Mpangaji wa Ilomba
Mzee, kwa heshima zote, hilo limenichoma. Nalipa kodi ya miezi sita mbele. Shimo la taka mwenye nyumba wangu kalifukia, kajenga chumba kingine cha kupangisha. Nitenge taka niziweke kitandani?

Baba Mwenye Nyumba
Taka ni za anayezizalisha. Mimi sili kwako.

Mama Karoti
Baba, kodi unakula lakini.

Mzoaji
Mimi ndiye ninayegonga hayo mageti. Mpangaji ananiambia kamuone mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema kamuone mpangaji. Jioni gunia limetupwa mtoni. Na mkitenga, waokota makopo watachukua chupa wenyewe, zina mnunuzi. Lakini msinipe toroli moja mkataka nibebe maganda peke yake na vioo peke yake.

Kijana wa Soweto
Tanuru lingemaliza yote haya.

Mzoaji
Hata hilo tanuru nani atalipeleka gunia, mdogo wangu?

Mpangaji wa Ilomba
Mkutanoni nitauliza hivi: nyumba ya vyumba nane yenye geti moja inalipa ada moja au nane? Na risiti anaandikiwa nani?

Baba Mwenye Nyumba
Nane.

Mpangaji wa Ilomba
Basi na ndoo nane.