River Road ina riwaya yake, barabara zetu za Kisumu je?

Swali: Mkaazi wa Nyalenda

Ndugu zangu, kuna jambo ambalo nimelitafakari sana. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi anaijua River Road, kwa kuwa Meja Mwangi aliipa riwaya nzima mwaka wa 1976, na London nayo ina Abbey Road, ambayo wageni huisafiria kutoka mbali ili wapigwe picha wakivuka tu. Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, inayobeba jina la makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, ina maduka ya zamani, mafundi wa cherehani kwenye varanda, wachuuzi na tuktuk kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwa nini basi siisikii katika nyimbo wala hadithi? Au mji huu, ambao reli iliufikia mwaka wa 1901, ungali mchanga mno?

Jibu: Mpenzi wa Benga

Ndugu, umri si sababu. Abbey Road ni barabara ya makazi ambayo isingejulikana kama studio ya kurekodia muziki isingefunguliwa pale mwaka wa 1931. Bendi ya Beatles walipopigwa ile picha ya kuvuka barabara tarehe 8 Agosti 1969, walikuwa wametoka tu nje ya mahali pao pa kazi. River Road nayo ilikuwa na wenye kampuni za kurekodi na maduka ya santuri, na ndiyo maana wanamuziki wengi kutoka huku kwetu walilazimika kwenda huko kutafuta riziki, wakalala katika vyumba vya bei nafuu na kuyajua maisha yake. Wengine walirekodi katika kampuni ya Chandarana, mjini Kericho.

Tena isikilize benga yenyewe, muziki wetu Waluo wa gitaa, kwa makini. Gitaa linapoanza kukimbia, mwimbaji humtaja mfadhili wake kwa jina, kisha jina la baba yake, kisha Alego, Gem, Seme au Karachuonyo alikozaliwa. Mtu husifiwa kwa kwao, na mjini huhesabiwi kuwa ni kwenu hata ukiwa umekaa humo tangu ujana wako hadi uzee. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote: nyimbo zetu zilipita juu ya barabara ya mjini zikaenda moja kwa moja hadi bomani kijijini.

Jibu: Mama wa Manyatta

Ninakubaliana nawe, ila Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, inatajwa, na inatajwa na waandishi wa habari siku za maandamano na vitoa machozi. Inaniuma kwa sababu jioni za kawaida pale ni tofauti kabisa: omena inapimwa kwa gorogoro, muuzaji anaongeza konzi moja juu bila kuombwa, na ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, inasikika kutoka upande wa pili wa barabara. Siku kama hizo hatuwaoni wenye kamera.

Jibu: Kijana wa Nakuru

Mama ameligusa jambo lenyewe. Anayeandika au kuimba barabara lazima kwanza apate mahali pa kukaa juu yake. Hata New York ililitambua hilo mwaka wa 2009, pale magari yalipoondolewa katika sehemu ya Broadway inayopita Times Square, viti vikawekwa na watu wakaketi. Kenyatta Avenue hapa kwetu Nakuru ni pana na inapendeza, lakini wengi wetu huipita tukikimbilia stejini.

Kwa hiyo, ndugu wa Nyalenda, ningekuomba uwaendee hao mafundi wa cherehani. Fundi anayekaa kwenye varanda kutwa nzima anajua ni nani aliyeleta suti ya mazishi, ni nani anayeshonesha sare za shule kwa mkopo, na duka gani limebadilisha mmiliki, na hakuna msanii wa Kisumu atakayehitaji kwenda River Road akishayasikia hayo.